Vibao Vipya Kwa Mgreki

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimefagia chumba changu cha kushonea mara ya pili na asubuhi bado haijaisha. Vumbi jekundu juu ya meza ya kukatia, juu ya mashine, ndani ya chai. Wanatoboa ukuta wa juu tangu wiki jana na vumbi lote linanishukia mimi, kana kwamba ghorofani hakuna watu wengine wa kuteswa.

Ni vibao. Papa Kasongo, mwenye nyumba, anataka kila mpangaji wa Kwa Mgreki awe na kibao kipya usoni mwa jengo, vyote kwenye mstari mmoja, vya bati nene na taa ndani. Umeme wenyewe tunauona kwa bahati, lakini taa lazima ziwepo. Kamina ni makao makuu ya mkoa sasa, anasema, na anayeshuka kwenye treni aone biashara kabla ya kuona kitu kingine.

Jengo limetuzidi umri sisi sote. Alilijenga mfanyabiashara Mgiriki enzi za Wabelgiji: chini baraza yenye nguzo na maduka, juu roshani ndefu ya matofali inayotazama stesheni. Mgiriki alikwenda zake zamani. Jina limebaki.

Sikupinga. Nilifurahi, kusema kweli. Tangu nianze kushona sijawahi kuwa na kibao. COUTURE AGNÈS, herufi za buluu. Nimeshachagua buluu yenyewe.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kibao changu kimepangiwa pembeni kabisa, nyuma ya nguzo ya umeme. Anayetaka kukisoma itabidi apande mti. Cha duka la intaneti ni kikubwa kuliko kitanda changu. Nimekasirika na sitaki kujifanya sijakasirika.

Vinaning'inizwa kwenye reli. Reli za kweli, za treni. Huu ni mji wa reli, kila mtu ana kipande: reli juu ya mlango, reli ya kuvukia mtaro, reli ya kugonga kuita wanafunzi. Fundi Banza, mchomeleaji, amezilaza juu ya ukuta wa roshani, ncha kwa ncha, toka kona hadi kona. Wanaume walizipandisha kwa kamba huku wakiimba. Mtu mmoja aliuliza kama ukuta utaweza vibao vyote. Fundi Banza akajibu kutoka juu: "Reli inabebaka treni, itashindwa plake?"

Wote walicheka. Mimi pia. Hakuna aliyeuliza nini kitabeba reli.

Jumamosi, 11 Oktoba

Leo wamekata misalaba.

Nilizoea kuiita hivyo. Ni vyuma vikubwa kama sinia, vyenye umbo la msalaba uliolala, vimebandikwa usoni mwa jengo usawa wa sakafu ya juu. Nilidhani ni mapambo, au dini ya yule Mgiriki. Vilikuwa vinazuia vibao kukaa sawa kwenye ukuta. Fundi Banza amevikata kwa mashine, kimoja kimoja. Cheche zilimwagika hadi kwenye karai la Béa na ikabidi tulivute pembeni, mafuta ya moto na yote.

Béa anakaanga mikate mbele ya mlango wangu, chini ya nguzo ya baraza, mtoto wake Dorcas mgongoni. Ndiye mtu wangu katika mji huu. Mume wangu alipokufa kule Base, kambi ya jeshi, ndugu zake walisema nimemla. Walinifukuza kwenye kilio chake mwenyewe, sikuzika, sikulia. Nilipohamia hapa watu wote walikuwa wameshasikia. Béa alikuja akachukua sahani, akajipakulia kutoka chungu changu, akala mbele ya watu. Baada yake wengine wakaanza kuniletea nguo.

Nirudi kwenye vyuma. Nyuma ya kila msalaba kulikuwa na fimbo nene ya chuma inayoingia ndani ya jengo. Msalaba wa mwisho ulipokatika niliiona fimbo ile ikirudi ndani ya ukuta. Kidogo tu, kama mtu anavyorudisha ulimi. Fundi Banza naye aliiona. Alinitazama kutoka juu. Kisha akafunga mashine yake.

Misalaba imekwenda kwenye vyuma chakavu, imefungwa nyuma ya baiskeli.

Jumanne, 14 Oktoba

Mlango wangu haufungi. Mpaka jana ulifunga.

Papa Kasongo anasema mbao zimevimba kwa mvua. Mvua gani?

Ijumaa, 17 Oktoba

Kuna ufa. Unaanzia kona ya mlango, unapanda kwa ngazi ngazi, tofali hadi tofali, mpaka darini. Labda ulikuwapo siku zote nami sikuwa nikitazama. Ninajua sivyo. Chumba hiki nimekipaka chokaa mwenyewe.

Nimechomeka pini mbili, moja kila upande wa ufa, nikavuta uzi wa pamba katikati yake mpaka ukalia kama gitaa. Tuone.

Jumamosi, 18 Oktoba

Uzi umekatika. Huenda ni panya. Nimeweka mwingine, mnene zaidi, ule wa kushonea jinzi.

Vibao vimemalizika. Watu wanavuka barabara kwenda kusimama upande wa stesheni, wanapiga picha. Vinapendeza, siwezi kukataa.

Jumatatu, 20 Oktoba

Uzi wa jinzi umekatika.

Nilimwambia Béa. Nilimshika mkono nikamwonyesha ufa, nikamwambia hii nyumba itatuangukia. Alinifunga mdomo kwa kiganja chake chenye unga. "Yaya, apana sema vile. Weye ukisema, unaiita." Yaya, dada mkubwa, ndivyo anavyoniita siku zote.

Najua. Nimekulia na imani hiyo hiyo. Ubaya hautajwi kabla haujafika. Anayeutaja ndiye aliyeutuma. Mtu akisema mtoto huyu atakufa, na mtoto akafa, hakuna anayeuliza ugonjwa, wanauliza nani alisema. Kwa mwanamke mwingine ni jambo la kutema mate na kuomba msamaha. Mimi nilishaitwa mchawi mara moja. Mara ya pili hawatanifukuza kwa maneno tu.

Kwa hiyo naandika hapa. Itaanguka. Itaanguka. Itaanguka.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimekwenda kwa Papa Kasongo. Njiani nilitafuta maneno yasiyo na kuanguka ndani yake. Nikamwambia ukuta umechoka. Nikamwambia kuna mzigo juu. Nikamwambia vile vyuma vya msalaba vilikuwa vinashika kitu, kama vifungo vya shati, na sasa shati liko wazi.

Alinisikiliza vizuri, alinipa kiti, alinipa soda. Halafu akasema anaelewa kwamba nafasi ya kibao changu imeniuma. Angeona la kufanya mwakani.

Wivu! Ningekuwa na wivu ningeng'oa nguzo ya umeme.

Kisha akanipa habari njema. Jumamosi ni sherehe ya vibao. Wageni wakubwa watakaa juu kwenye roshani, kwaya pamoja nao, tarumbeta na ngoma. Chini kwenye baraza watakuwa wateja, chakula, watu wote wa sokoni. Béa ndiye atakayekaanga.

Nilikunywa soda yote. Sikuusikia utamu.

Jumatano, 22 Oktoba

Nilimkuta Fundi Banza peke yake, anakunja nyaya zake. Nilimuuliza fimbo zile zilikuwa za nini. Alikunja waya mpaka ukaisha, akaukunjua, akaukunja tena.

"Mama Agnès, minyi niko na batoto. Ukisema ni minyi nilikata, utaniua."

Basi anajua. Nilimwomba aende yeye, fundi, mwanaume, aseme. Akasema Jumamosi hatakuwepo. Ana kazi Bukama. Kazi hiyo ameipata lini, hakusema.

Ninamchukia. Halafu nafikiri: na wewe Agnès, umemwambia nani kwa sauti?

Alhamisi, 23 Oktoba

Mvua ya kwanza kubwa. Maji yameingia kwa kupitia ufa, yakachora mstari mwekundu mpaka sakafuni.

Maneno yangu yamefika kabla yangu. Chantal, mwenye saluni ya juu, aliteremka na rangi ya nywele bado mikononi, akasimama katikati ya baraza mbele ya wateja. "Bwana yako ulimuita, akaenda. Sasa unaita nyumba?"

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyenitetea. Béa alikuwa anatazama mafuta yake. Simlaumu. Namlaumu.

Naogopa. Nina hasira. Vyote viwili viko kifuani na havigombani.

Nitanyamaza. Wafe wote na sherehe yao.

Hapana. Sikuandika hilo kwa moyo.

Ijumaa, 24 Oktoba

Viti vinapandishwa. Nimevisikia mchana kutwa juu ya kichwa changu vikiburutwa, vingi, vya kanisa na vya kukodi. Kila kikiburutwa, dari inanyunyiza.

Kidole changu kinaingia kwenye ufa sasa. Mpaka kwenye pete.

Saa za alasiri kipande cha lipu kilimdondokea Dorcas kichwani. Kidogo, kama punje ya hindi. Mtoto hakulia hata. Béa alimpangusa, akacheka, akasema baraka zimeanza. Nilimsihi kesho akakaangie upande wa stesheni. Nilimwambia nitambebea karai mwenyewe. Alisema kesho ndiyo siku ya kuuza kuliko siku zote. Kisha akasogea karibu, akasema polepole sana: "Yaya, kama unanipenda, nyamaza."

Nimenyamaza. Nimerudi nyumbani. Nimeshindwa kula.

Kuna kitu kimoja tu kinachosimamisha sherehe Kamina, hata kama wageni wameshavaa. Si polisi, si mvua. Sitaki kukifikiria. Ninakifikiria tu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimefanya.

Kulipoanza kupambazuka nilikwenda na panga kwenye michikichi ya njia ya Base, nikakata matawi, nikayabeba kichwani hadi Kwa Mgreki. Niliyasimamisha mlangoni mwa baraza, mengine nikayalaza mbele yake, barabarani. Hapa kila mtu, hata mtoto, anajua maana ya matawi ya mchikichi mbele ya nyumba. Kuna maiti. Pikipiki zinapunguza mwendo, wanaume wanavua kofia, ngoma haipigwi. Nikavuka barabara, nikatandika mkeka upande wa stesheni, nikafungua kitambaa cha kichwa, nikakaa chini, nikaanza kulia.

Nilidhani itabidi nijilazimishe. Haikunibidi. Nilimlilia mume wangu. Nilikuwa na kilio chake chote ndani, hakuna hata tone lililokuwa limetumika.

Wanawake walianza kuja. Wanauliza, "Kilio ya nani?" nami nalia tu. Kila mmoja alidhani ni maiti wa mpangaji mwingine, wakakaa. Béa alifika na karai lake, akaona matawi, akaliweka chini ya nguzo bila kuwasha moto, akaja akakaa ubavuni mwangu na mtoto. Hakuuliza. Alinishika bega. Wapiga tarumbeta walifika na suti zao nyekundu, wakasimama mbali na vyombo vyao vikitazama chini. Wageni walifika, wakaambizana kwa sauti ndogo, wakapanda magari wakaondoka. Chantal mwenyewe alitoa mapambo kwenye nywele zake akaja kukaa.

Papa Kasongo alizunguka chumba hadi chumba. Nani njo alikufa? Kwako? Kwako? Ilimchukua asubuhi nzima kuhakikisha kwamba wapangaji wake wote wazima. Mvua ilikuwa imeanza. Watu wote tulijibana chini ya paa la stesheni. Ndipo alipotoka, peke yake, akang'oa matawi, akaja nayo hadi katikati ya barabara akinielekea. Alikuwa analowa. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Mama Agnès, ulitutakia nini?"

Béa aliondoa mkono wake begani mwangu.

Papa Kasongo alikuwa bado na matawi mkononi nyumba ilipoanguka. Reli ndizo zilizoanza. Zilishuka zote pamoja na vibao vyote, polepole, kama pazia, na roshani ikazifuata, na viti, na uso mzima wa jengo. Chumba changu kilibaki wazi, mashine ikionekana toka barabarani. Nguzo ya Béa haikuonekana tena. Karai halikuonekana. Vumbi lilipanda juu ingawa mvua ilikuwa inanyesha.

Hakuna aliyeumia. Hata mmoja. Hata Papa Kasongo, tofali lilifika miguuni mwake likasimama.

Nilingoja mtu alie, au amshukuru Mungu. Kisha wakageuka, mmoja baada ya mwingine. Hawakuwa wanalitazama jengo. Walikuwa wananitazama mimi.

Jumapili, 26 Oktoba

Sikwenda kanisani. Nilisikia kengele nikabaki kitandani.

Wote wazima. Nimejiambia hivyo siku nzima. Ningekaa kimya, leo mji ungekuwa na majeneza kila mtaa, na mimi ningekuwa ninashona nguo nyeusi na watu wangenisalimia vizuri.

Jumatano, 29 Oktoba

Wanaume wa stesheni wamenitolea mashine kutoka kifusini. Waliiweka nje ya uzio, wakaondoka bila kupokea maji.

Bombani wananipisha. Nikifika na ndoo foleni yote inafunguka, nachota wa kwanza. Malkia wa Kamina! Wananiharakisha niondoke.

Fundi Banza amerudi kutoka Bukama. Anasema alifunga reli vizuri, na chuma ni chuma. Anasema kilichoangusha jengo kinajulikana, kilisimamishwa mlangoni asubuhi ile na watu wote walikiona. Tulikutana sokoni. Yeye ndiye aliyeinamisha macho kwanza.

Hasira yangu yote ni kwake. Kwa wengine sina hasira, nina uchovu tu.

Jumamosi, 8 Novemba

Shemeji amekuja kutoka Base, kaka mkubwa wa mume wangu. Alisimama getini na mavazi yake ya jeshi. Hakuingia. Alisema familia ilijua tangu mwanzo, na sasa Kamina yote inajua.

Nilimweleza. Misalaba, fimbo iliyorudi ndani, uzi, reli, mvua. Nilieleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza kitu, kwa utulivu. Alisikiliza mpaka mwisho. "Basi ulijua siku," akasema.

Nikasema nilijua sherehe ni lini, na watu wangekuwa wengi. Alitikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuja kuchukua.

Jioni mtu alirusha jiwe juu ya bati. Moja tu.

Jumatano, 12 Novemba

Mwenye nyumba ninamolala ameniomba nihame kabla ya mwezi kwisha. Aliomba kwa adabu, akiniita mama kila baada ya neno. Dada yangu wa Luena amesema niende kwake. Sijui kama amesikia.

Hakuna aliyeleta nguo ya kushona. Waliokuwa wameacha vitambaa wametuma watu kuvichukua. Kifusi Kwa Mgreki bado kipo. Reli zimeshachukuliwa.

Jumamosi, 15 Novemba

Kumetulia. Mvua ilinyesha alfajiri, kisha jua. Nimepaka mashine mafuta. Inakwenda vizuri, haina hata kovu. Nimeshona pindo la pazia langu mwenyewe, ili nishone kitu.

Béa alikuja.

Nilisikia sauti yake nje nikainuka haraka mpaka kiti kikaanguka. Alikuwa nje ya uzio. Alisema amekuja kuchukua kitenge chake, cha libaya, blauzi yake ya Noeli. Nilikuwa sijakikata. Nilimwambia aingie, ugali uko motoni. Akasema ana haraka. Nilipompelekea kitenge hakunyoosha mkono. Alinionyesha kwa kidevu niweke juu ya uzio. Niliweka. Nilirudi nyuma hatua chache, kwa kuwa niliona ndicho anachongoja, ndipo akakichukua.

Alitaka kusema kitu. Nilimwona akitaka. Kisha akasema, "Ubakie muzuri, mama." Hakusema yaya.

Dorcas alikuwa macho mgongoni. Meno yameota, mawili, ya chini. Aliniona akacheka, akanyoosha mkono, kwa kuwa ananijua. Béa alimvuta kitambaa mpaka juu ya kichwa, akamfunika uso, akageuka.

Nilisimama getini nikiwatazama. Walikwenda polepole kwa upande wa stesheni, wakiruka madimbwi. Mtoto alikuwa anapiga miguu chini ya kitambaa, kwa nguvu, miguu yote miwili. Niliwatazama mpaka wakapinda kwenye kona.